Hakuna Safu ya Kusimama

Usiku wa kuamkia leo, siku ya mchezo wa tano, niliota nimepigiwa filimbi jikoni kwangu.

Nilikuwa natoka kwenye jiko kwenda mezani na donge la unga wa chapati mkononi, hatua tatu tu, mlango wa kabati la vyombo ukafunguka na refa akatoka. Amevaa shati la kijivu na soksi amezivuta hadi magotini. Akapuliza filimbi, akazungusha ngumi zake mbili moja juu ya nyingine.

"Umetembea," akasema.

"Nimetembea," nikamjibu. "Ndani ya nyumba yangu."

"Hatua mbili zinatosha. Ya tatu unadunda."

Nikatazama donge, nikatazama sakafu. Mimi nabishana na kila mtu hapa mjini, ila mwenye filimbi simwezi. Nikadunda. Donge likaruka kama mpira mpya, likarudi kiganjani, nikafika mezani kwa halali. Refa akaandika kitu kwenye kijitabu chake, akarudi kabatini, akafunga mlango kwa ndani.

Kabla sijaenda mbali nijitambulishe. Mimi ni Tumpale, fundi cherehani wa Mwanjelwa, Mbeya mjini. Jezi za Loleza, timu yetu ya kikapu, nimezishona mimi. Msimu huu Loleza wako fainali na Radi ya Iyunga, na bingwa ni atakayeshinda mechi tatu. Sisi tumeshinda mbili, wao mbili. Kila jioni kwa wiki mbili tumekutana barazani kwa Ambakisye, muuza nyama, kujadili kocha abadilishe nini. Tunatumia ubao wake wa drafti na vizibo vya soda. Vyetu vya njano, vya Radi vya bluu, kila kimoja nimekiandika namba ya mchezaji kwa rangi ya kucha.

Kijiwe kina desturi yake. Ikifika mechi ya mwisho ya fainali tunatuma neno moja kwa kocha, na neno lenyewe ni kizibo. Tunachomoa ubaoni kizibo cha mchezaji ambaye asipangwe, na mtu mmoja anakipeleka mkononi mwa kocha asubuhi, bila barua wala maelezo. Kocha Gwamaka hucheka, lakini tumemtumia mara mbili na mara zote mbili amefuata.

Safari hii kimechomolewa namba kumi na tano. Huyo ni Lusajo, senta wetu. Ana miaka thelathini na saba na magoti ya mtu wa sitini, na baada ya leo anastaafu. Ni mdogo wangu, tumbo moja, analala chumba cha uani. Aliyekichomoa kizibo chake ni mimi.

Sijifanyi malaika. Ambakisye alinichokoza mbele ya watu. Alisema, "Fundi, Lusajo humuulizi kwa sababu ni damu yako." Nikapandwa na mori. Nikasoma kwa sauti takwimu za mechi ya nne: pointi mbili; asisti, yaani pasi ya kufungisha, sifuri; ribaundi, yaani mpira uliokosa goli akaudaka, tatu. Nikachomoa kizibo kwa mkono wangu huu ili wajue fundi Tumpale hana upendeleo. Watu wakapiga makofi, nami nikayafurahia makofi yao. Nilikifunga kizibo kwenye ncha ya kanga, nikaenda kulala nacho.

Basi pale mezani, nikiwa bado na donge langu, kanga ikaanza kuongea.

"Fundi," ikasema ncha ya kanga, "humu ndani kuna joto."

Nikafungua fundo. Kizibo namba kumi na tano kikajinyoosha, kikapangusa ukingo wake.

"Lusajo?" nikauliza.

"Mimi si Lusajo. Mimi ni mwakilishi wake. Watu husema kikulacho ki nguoni mwako, lakini hapa aliyelazwa nguoni ni mimi, na mlaji ni wewe, kwa hiyo tusitupiane lawama. Nipeleke kwenye kikao."

"Kikao cha nani?"

"Cha vizibo. Tumeshachelewa. Na usitembee, dunda."

Nafungua mlango wa uani nikidunda donge, na uani haupo. Kuna baraza la Ambakisye, nyama zimening'inia kwenye ndoano, jua la saa nne linawaka. Ubao wa drafti umetanda kutoka buchani hadi barabarani, na vizibo vyote vimekuwa vikubwa kama vigoda. Vimekaa duara, njano na bluu pamoja, hakuna uadui. Namba nne wa njano ndiye mwenyekiti.

"Ajenda ya kwanza," anasema, "kwenda mshazari."

Vizibo vinanung'unika kwa pamoja.

"Wiki mbili," anaendelea, "watu hawa wanatusukuma mshazari. Mchezaji wa kikapu huenda mbele, huenda kando, anarudi nyuma. Sisi hatujawahi kwenda mbele moja kwa moja hata mara moja, kwa sababu ubao ni wa drafti na mikono yao imezoea drafti. Namba saba simama wakuone."

Namba saba anasimama. Amebebeshwa kizibo kingine kichwani.

"Huyu mlimfikisha mwisho wa ubao akidhani anakwenda kufunga. Mkambandika mwenzake kichwani, mkamwita kingi. Mpaka leo shingo inamuuma."

"Pole sana," nikasema. Ni kweli tulimvisha ukingi, na nakumbuka tulishangilia.

Hapo Ambakisye akatokea nyuma ya nyama, na mguu wa ng'ombe mkononi wa kuonyeshea. Ambakisye ni mtu mzuri, ila akishika neno halitui. Saa kubwa nyekundu, ile ya kuhesabu sekunde za shambulizi, ikawaka juu ya kichwa chake: ishirini na nne.

"Ndugu zangu," akaanza, "mimi kikapu nimeanza kukitazama zamani, enzi hizo uwanja ulikuwa wa vumbi, na kulikuwa na bwana mmoja, jina limenitoka, alikuwa mrefu, si mrefu sana, lakini mrefu, na huyo bwana—"

Saa ikalia kama pembe la lori. Refa akachomoza kati ya maini mawili.

"Muda umekwisha bila kufika kwenye hoja. Neno kwa wapinzani!"

Mdomo wa Ambakisye ukabaki wazi, sauti ikamtoka, ikahamia kwa kizibo cha bluu namba tisa. Kizibo kikaendelea kwa sauti ile ile ya Ambakisye, hata kikohozi chake: "—na huyo bwana alikuwa anacheza vibaya, na Radi ya Iyunga ni timu bora kuliko zote. Asanteni."

Wa bluu wakapiga makofi. Ambakisye akashika koo lake kwa masikitiko, na nakiri nilicheka mpaka donge likaniponyoka.

Sauti ilipomrudia alikuwa amejifunza. Alisema kwa sekunde mbili tu: "Tucheze zoni!"

"Zoni" ni ule ulinzi ambao kila mtu analinda eneo lake badala ya kumfuata mtu. Tumeubishania wiki mbili. Lakini alipolitamka tu, kila kizibo cha njano kilizungushiwa uzio wa miti, kikapewa mlango wenye kufuli, na katikati ya ubao ikachomoza meza ya mwenyekiti wa mtaa, yeye mwenyewe na muhuri wake na kikombe cha uji.

Namba tisa wa bluu anafika kwenye meza. Amevua kofia.

"Shikamoo mwenyekiti."

"Marahaba. Unatoka wapi?"

"Iyunga. Naomba kupita hapa kwenda chini ya goli."

"Una barua ya utambulisho?"

"Ninayo."

"Na picha mbili?"

"Hizi hapa, mwenyekiti."

Mwenyekiti anasoma barua mpaka mwisho, anageuza nyuma, anaona pako sawa, anagonga muhuri. Namba nne anafungua mlango wa uzio wake. Namba tano anafungua wake, anamkaribisha na maji. Namba tisa anapita katikati ya ulinzi wetu wote bila kuguswa, anafika chini ya goli, anaruka.

"Mbili!" vinashangilia vizibo vya bluu.

"Mnaona inavyovuja?" nikamwambia Ambakisye. "Nimesema tangu mchezo wa kwanza!"

"Haivuji. Barua yake ilikuwa halali."

Nikageuka nimwonyeshe kosa, na hapo ndipo nikasimama. Namba tisa alikuwa bado ananing'inia kwenye goli, mikono mitupu.

"Subirini," nikasema. "Amefunga nini?"

Nzi waliokuwa wakizunguka nyama wakatua.

"Hiyo," akasema namba nne taratibu, "ndiyo ajenda ya pili. Vizibo kumi. Wiki mbili. Mabadiliko arobaini na moja mmeyapendekeza, tumeyahesabu. Mpira hamkuuweka ubaoni hata siku moja."

Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Nilitafuta kumbukumbu ya jioni hata moja ambayo mtu aliweka punje ya hindi, kifungo, chochote, akasema huu ndio mpira. Haikuwepo. Tulikuwa tumewagawa watu, tumewahukumu, tumewachomoa, na mpira haukuwepo.

"Kizibo," ikasema sauti kutoka kwenye mzani wa nyama.

Kocha Gwamaka alikuwa ameketi juu ya sinia la mzani, miguu inaning'inia. Mzani unamsoma kilo sita. Amenyoosha kiganja.

"Kocha," nikasema, "nadhani kijiwe kinahitaji siku moja zaidi."

"Mechi ni leo. Kizibo."

Watu wa barazani wote wakanigeukia. Niliwajua kwa nyuso. Ndio wale walionipigia makofi. Kama ningerudisha kizibo kwenye kanga, wangesema damu nzito kuliko maji, na mimi nisingekuwa na uso wa kukaa pale tena. Mkono wangu ukaenda wenyewe. Kizibo kikaangukia kiganjani mwa kocha na hakikupiga hata kelele.

"Ndaga," akasema kocha, kwa adabu ya kwetu, akishukuru. Halafu akapuliza vumbi kwenye kizibo. "Kumi na tano anatoka. Anayemtoa ndiye anayeingia."

"Nani kasema?"

"Kanuni."

"Mimi nina miaka arobaini na nne! Mimi ni fundi!"

"Vua kanga," akasema kocha, akanibandika kizibo sikioni kama hereni. King'ora kikalia.

Niko uwanjani. Ni uwanja wetu wenyewe wa saruji, nyufa zake nazijua, ila sasa watu wamejaa mpaka juu ya miti ya mikaratusi. Nimevaa jezi ya kumi na tano, imenifika chini ya magoti.

"Fundi," jezi inanong'ona, "kwapani hukunimalizia mshono."

"Nitakumalizia jioni."

"Ulisema hivyo mwezi wa tatu."

Sikupata nafasi ya kujitetea. Atupele, mchezeshaji wa timu yetu, kijana wa miguu myepesi na mdomo mwepesi zaidi, alikuwa ananijia akidunda donge langu la chapati. Mpira mwingine haukuwepo.

"Dada, skrini!" akaita.

"Skrini ndiyo nini?" nikakiuliza kizibo. Aibu iliyoje. Neno hilo nimelisema barazani mara mia.

"Simama pale njiani," kikasema sikioni. "Mlinzi wake atakuja mbio agongane na wewe. Atupele atapita. Ndiyo kazi yenyewe."

"Halafu?"

"Halafu unakwenda kusimama kwingine."

Nikasimama. Namba tisa wa Radi, safari hii mtu mzima mwenye mabega, akaja mbio akimtazama Atupele, akanigonga mbavuni kwa uzito wake wote. Niliona nyota za mchana. Atupele akapita nyuma yangu, akaruka, donge likaingia. Mikaratusi ikatikisika kwa shangwe.

"Atu! Atu! Atu!"

Nikainua mkono kidogo, labda kuna wa kwangu. Hapakuwa na mtu aliyetazama upande ule.

"Hiyo moja," kikasema kizibo.

Ya pili nilisimama kushoto. Ya tatu ilikuwa katikati ya soko la Mwanjelwa, mama mmoja akanisogezea ndoo ya viazi ili nipate pa kuweka mguu. Ya saba ilikuwa ofisini, kwenye foleni, na waliokuwa nyuma yangu walilalamika kwamba nimepewa namba ya upendeleo. Ya kumi na nne niliipigia kanisani katikati ya kwaya. Namba tisa alinigonga penye ubeti wa pili, besi zote zikaanguka, lakini kwaya haikukatisha wimbo. Kila mara Atupele akafunga. Kila mara nikajizoa, nikadunda pumzi zangu, nikaenda kusimama kwingine.

Na hapa niseme ukweli, ilikuwa raha. Mwili ulikuwa unauma kila mahali na nilikuwa nacheka. Nilijua kitu ambacho mikaratusi haikujua. Nilijua kwamba njia ile ya Atupele haikuwepo mpaka niliposimama mimi.

Mwisho wa robo ya tatu nikadunda hadi kwenye meza ya takwimu. Hakukuwa na mtu, ila karatasi yenyewe, imevaa miwani.

"Kumi na tano," nikasema. "Nisomee."

Karatasi ikakohoa. "Pointi sifuri. Asisti sifuri. Ribaundi moja, ile iliyokuangukia kichwani."

"Na kusimama?"

"Kusimama nini?"

"Nimesimama mara ishirini na tatu! Mbavu zangu ni shahidi!"

Karatasi ikajitazama kutoka juu mpaka chini, kushoto mpaka kulia. Iliangalia kwa uaminifu, siwezi kuisingizia.

"Hakuna safu ya kusimama," ikasema.

"Ongeza."

"Nimechapwa tayari."

Nikaondoka pale nikikumbuka takwimu za Lusajo. Pointi mbili, asisti sifuri, ribaundi tatu. Nilikuwa nimeyasoma hayo kwa sauti mbele ya watu, tena kwa madaha.

Robo ya nne. Sitini kwa sitini. Pikipiki inaingia uwanjani, inasimama katikati, abiria anashuka. Ni mpira wa kikapu, wa kweli, wa rangi ya chungwa, umevaa kofia ngumu.

"Samahani kwa kuchelewa," mpira unasema ukivua kofia. "Hakuna aliyeniita."

Refa analitoa donge kwa heshima, linakwenda kukaa benchi na taulo shingoni.

Nikausogelea mpira kabla haujarushwa. "Wewe ndiye unayejua," nikauambia. "Miaka yote uko humu. Lusajo, namba kumi na tano, unamwonaje?"

Mpira ukafikiri. "Lusajo? Tumekutana mara chache."

"Miaka kumi na sita!"

"Usinikasirikie. Mimi huenda palipo wazi. Aliyepafungua simwoni, huwa nimeshampa mgongo." Ukajizungusha mara moja. "Ila nimewahi kujiuliza kwa nini huwa kuna wazi."

Sekunde kumi na tisa zimebaki. Baraza la Ambakisye limesogea mpaka pembeni mwa uwanja, pamoja na nyama na ndoano zake. Kijiwe kizima kimekaa kwenye benchi.

"Mtoeni huyo mama!" anapiga kelele Ambakisye, saa ishirini na nne inayeyuka kichwani mwake. "Sifuri! Sifuri! Ribaundi moja!"

"Atoke!" wanaitikia wengine. "Kizibo! Kizibo!"

Mkuki kwa nguruwe mtamu. Niliwatazama na sikuwa na hasira nao, maana sauti waliyotumia niliitambua, ilikuwa yangu.

Pembeni yao kulikuwa na cherehani yangu, na kwenye kiti changu ameketi Lusajo, magoti yamemfika kidevuni, anakanyaga pedali na kushona hewa. Alikuwa ameniachia nafasi yake, kanuni ilimpa yangu. Akasimama. Mdogo wangu ni mtu wa maneno matatu kwa siku, na mawili ni salamu. Akasimama, futi sita na inchi nane, akapiga ukelele uliopasua mikaratusi.

"Mwacheni dada! Acheni kuangalia mpira! Tazameni miguu yake! Tazameni alipo-si-ma-ma!"

Kijiwe kikageuka, kikatazama miguu yangu. Kwa mara ya kwanza siku ile niliona macho ya watu yakishuka mahali nilipo. Nilitaka kulia, na kwa ndoto si vigumu, nikalia hapo hapo nikiwa nimepanua miguu. Miaka kumi na sita nimekaa mstari wa mbele mechi zote za mdogo wangu. Sikuwahi hata mara moja kumpigia ukelele wa namna ile. Nilikuwa namtazama Atupele.

"Dada, skrini!" anaita Atupele.

"Ya thelathini na moja," kinasema kizibo. "Ya mwisho. Simama tu."

Nasimama. Namba tisa anakuja, na kadiri anavyokuja anakua. Mabega yanageuka bodi, macho yanageuka taa, na mbele yangu kuna lori la viazi kutoka Uyole, limejaza mpaka juu, limefungwa turubai, linashuka mteremko. Dereva ni namba tisa. Ana adabu, anapiga honi.

"Simama tu," kinasema kizibo.

Mpira unapita nyuma yangu, nausikia unavyodunda. Nimechoka. Magoti si yangu, ni ya Lusajo, yanawaka moto. Lori linafika. Na mimi, Mungu anisamehe, badala ya kusimama, nikaegemea kidogo.

Viazi vikaruka angani vyote kwa pamoja. Filimbi ikalia, ndefu, kabla sijaona kama mpira umeingia.

Nikaamka.

Saa kumi na mbili na robo, kwa mbali jogoo wa jirani na baridi ya Mbeya dirishani. Nikajipapasa mbavu, nzima. Nikashusha miguu, nikatembea hatua tatu kamili mpaka mlangoni, hakuna aliyetoka kabatini. Kizibo kilikuwa kwenye ncha ya kanga, kimenyamaza kama kizibo. Nikakifungua, nikakishika mkononi, nikatoka nacho uani nikiwa nimeshaamua: kocha leo haletewi kitu, na Ambakisye nitamfuata mwenyewe barazani nimwambie mbele ya watu wale wale kwamba fundi alikosea. Waniite mpendeleaji. Nitalala salama.

Lusajo alikuwa kwenye bomba, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, anajifunga goti kwa vipande vya kitambaa anavyookota kila siku chini ya cherehani yangu. Hakuinua kichwa.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umeamkaje?"

"Salama."

Hayo tayari ni maneno yake ya siku. Nikakaa kwenye ngazi nikitafuta pa kuanzia. Namwambiaje mtu kwamba nilimtoa mbele ya watu, kwa ajili ya makofi? Nikafungua kiganja kizibo kikiwa wazi, kumi na tano kwa rangi ya kucha, nikasema, "Lusajo, kuna jambo nilifanya."

Akakitazama. Akaendelea kufunga goti, mzunguko mmoja, mzunguko wa pili, akakaza fundo kwa meno.

"Ile ya mwisho uliegemea," akasema.

Maji ya bomba yalikuwa yanatiririka na hakuna aliyeyafunga.

"Skrini haiegemei, dada. Unasimama, mwenzako ndiye anayekuja."

"Nilikuwa nimechoka," nikajibu, kabla akili haijafika.

Ndipo alipoinua kichwa. Alikuwa anatabasamu, kitu ambacho mdogo wangu hukifanya mara moja kwa msimu.

"Ulisimama ngapi?"

"Thelathini na moja."

"Mechi ya nne nilisimama thelathini na nane," akasema Lusajo, akanyoosha goti taratibu. "Nilikuwa nangoja mtu aniulize."